Ngozi za Idi Zisizikwe

Mkanda wa saa wa plastiki hauliwezi jasho la mchuma karafuu. Hupasuka penye tundu la bizimu, na saa nzima ikaishia kabatini. Ndiyo maana baada ya Alasiri hukaa barazani kwangu Wete, Pemba, nikishona mikanda ya ngozi. Si biashara, ni mapenzi.

Saa nyingi za kiume huchukua mkanda wa milimita 18, 20 au 22, basi kipande anachokitupa fundi makubadhi chanitosha. Ngozi ya ng'ombe naiweka juu, laini ya mbuzi ndani, upande unaogusa mkono. Natoboa kwa msharasi, kisha nashona kwa uzi mmoja uliopakwa nta, wenye sindano mbili zinazopishana katika kila tundu. Uzi ukikatika pahala, mishono iliyobaki hushika. Mshono wa cherehani hufumuka upesi.

Kinachoniuma ni Idi Kubwa. Kisiwa hiki cha mchezo wa ng'ombe kinachinja, kinagawa nyama, kisha ngozi ngapi zinafukiwa! Zamani magome ya mkandaa wa pwani yetu yalisafirishwa nje kusindikia ngozi. Leo mikoko hiyo tuilinde, lakini kusindika kuna njia nyingine, na kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji kingefaa kuwafundisha vijana wetu. Nanyi wenzangu mnaochinja, ipakeni ngozi chumvi siku ile ile, mtafuteni fundi, mpeni.