Aliyejeruhi Mnyama Asimwache



Mnyama akipigwa mshale au risasi, mara nyingi haanguki papo hapo. Hukimbia. Huingia katika matete, na mwindaji hubaki akitazama majani yakitikisika. Kazi ngumu ya uwindaji huanza hapo. Lakini wako wanaoona kuwa kazi imekwisha. Husema, "Huyo ametuponyoka, tutafute mwingine." Mimi naona huo ni uharibifu.

Sizungumzi juu ya kuwinda bila kibali. Hilo sheria imelikataza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza pia kuwinda kwa sumu, kwa mitego na kwa mashimo. Nazungumza juu ya yule mwenye kibali mfukoni. Kibali kimemruhusu kuua mnyama. Hakikumruhusu kumwacha akiteseka.

Tuwatazame Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Hao bado huwinda kwa upinde, na mishale yao ya wanyama wakubwa hupakwa sumu ya miti. Mhadzabe akishampiga mnyama mkubwa, hamkimbizi. Hurudi kambini, huita wenzake, kisha hufuata nyayo pamoja. Anajua kuwa mnyama akikimbizwa huenda mbali. Akiachwa atulie, hulala karibu.

Damu nayo husomwa. Damu nyekundu yenye povu imetoka katika mapafu. Mnyama huyo hafiki mbali. Damu nzito, nyeusi kidogo, huenda imetoka katika ini, asubiriwe. Ikiwa imechanganyika na majani yaliyotafunwa au mavi, basi tumbo limetobolewa. Huyo asubiriwe saa nyingi. Mfuataji hodari hakanyagi nyayo, hupita pembeni. Damu ikipotea, huvunja kijiti na kukichomeka penye tone la mwisho. Kisha huzunguka polepole mpaka aone tone jingine.

Katika bonde letu kazi hii ni ngumu zaidi. Wakati wa masika Mto Kilombero hufurika na maji hufuta nyayo zote. Nyasi nazo humzidi mtu kimo. Kwa hiyo, asiye na hakika ya kupiga vizuri, asipige.

Sheshe wanapatikana katika nchi chache tu za Afrika. Zamani bonde hili lilikuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Sasa wamepungua sana. Sheshe anayeozea matetehi kwa jeraha la mwindaji hakumlisha mtu yeyote.

Nyati ni habari nyingine. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na akisikia hatua za mtu hutoka kwa hasira. Hajui ni nani aliyempiga. Atamkuta mama anayekata kuni, au mkulima anayeshuka kutoka dunguni asubuhi baada ya kulinda mpunga wake. Wakati huo mwindaji ameshapanda gari lake na kwenda zake. Je, hiyo ni haki?

Sheria inamtaka mtu aliyejeruhi mnyama wa hatari na kumkosa atoe taarifa. Wengine hawatoi. Huona aibu kusema kuwa walipiga vibaya. Mimi ningependa kila kijiji kiwadai wawindaji taarifa hiyo kabla hawajaondoka, bila kujali ukubwa wa gari lao.

Na sisi wanakijiji tunayo sehemu yetu. Ukiona damu njiani, au nyati anayechechemea, usimfuate na panga kwa tamaa ya nyama. Ukikuta mzoga, usiupasue. Hujui kilichomwua, pengine ni kimeta, na kimeta huua watu pia. Rudi nyumbani, waonye majirani, hasa watoto wanaokwenda shule. Kisha chukua kalamu. Andika siku, saa, mahali, mnyama gani, na ameelekea wapi. Peleka karatasi hiyo kwa afisa mtendaji wa kijiji au kwa askari wa wanyamapori, ambaye wazee bado humwita bwana nyama. Maneno machache yanatosha, kama haya:

"Jumanne, saa 12 asubuhi. Nyati mmoja. Anatoka damu mguu wa nyuma, wa kulia. Ameingia katika matete upande wa mto, nyuma ya mashamba ya mpunga. Watu wasipite huko."