Kamera, balbu za waifai na hisa: hela ya shelfu usiiguse



Leo tuongee mambo mawili ambayo vijana wenye maduka tunaulizana sana siku hizi. La kwanza ni vifaa vya kisasa vya kuendesha kwa simu, yaani kamera za waifai, balbu za waifai na plagi za kupima umeme. La pili ni kununua hisa.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya watu wa Dar wenye hela zao, sisi wa Lugoba tuuze unga na sabuni. Wapo wengine wameyavamia kwa pupa mpaka duka limebaki na makopo matupu ya mapambo. Mimi napenda teknolojia sana, na mambo ya hisa nimejifunza mwenyewe kwenye simu, maana darasani niliishia kidato cha nne. Msimamo wangu ni huu: vyote viwili vinatufaa, ila kwa mpangilio. Kwanza shelfu ijae, pili kifaa kinachozuia hasara, tatu hisa. Ukianza na ya tatu unaua duka.

Kwa nini shelfu kwanza?

Tupige hesabu ya kawaida kabisa. Chukua mfano wa mfuko wa sukari uliokugharimu 130,000. Ukipima kilo kilo unapata faida ya 5,000, na unaisha ndani ya wiki. Kwa mwezi hela ile ile imezunguka mara nne, imekupa 20,000 kabla ya pango na umeme. Sasa chukua 130,000 hiyo hiyo ununue hisa ya kampuni inayotoa gawio la asilimia 8 kwa mwaka, ambalo ni gawio zuri tu. Utapata 10,400. Kwa mwaka mzima!

Kwa hiyo mtu akikwambia toa mtaji wa duka uweke kwenye hisa, muulize kama amewahi kuuza sukari. Kwa hela ndogo inayozunguka haraka, duka linaishinda hisa mbali sana.

Basi hisa za nini? Hapa ndipo wengi hawafiki. Duka lina ukomo. Ukiweka mifuko minne badala ya miwili, watu wa Lugoba hawaanzi kunywa chai mara mbili zaidi. Mfuko wa tatu na wa nne utakaa, utaingia unyevu, utaliwa na panya. Tena sisi wa huku tunajuana: masika ikikolea, kazi za machimbo ya kokoto zikipungua, wateja wanahamia kwenye daftari la madeni. Mzigo ukiwa mwingi wakati huo ni hela imelala. Faida ambayo shelfu haiwezi kuila tena, hiyo ndiyo hela ya kutafutia kazi nyingine.

Sasa vifaa

Kabla hujanunua kifaa chochote jiulize swali moja tu: kwa mwezi kitazuia shilingi ngapi zisipotee? Kama huna jibu, hicho ni cha kuchezea.

Balbu ya waifai inayobadilisha rangi kwa simu ni nzuri, sikatai. Lakini kwa duka la chumba kimoja swichi iko hapo mlangoni. Balbu ya kawaida ya LED inatoa mwanga ule ule kwa bei ndogo zaidi. Halafu ile ya waifai hata ukiizima kwa simu inaendelea kula umeme kidogo kidogo ili isubiri amri yako. Kwa duka, hapana.

Plagi ya kupima umeme ni habari nyingine. Unachomeka friza kwenye plagi, simu inakuonyesha limekula uniti ngapi kwa siku. Friza langu la soda na maji lilikuwa linakula kama uniti 4 kwa siku. Nikabadilisha raba ya mlango, nikalisogeza mbali na ukuta lipumue, likashuka hadi uniti 2 na nusu. Hiyo ni uniti 45 kwa mwezi. Uniti moja ya biashara ukiweka makadirio ya shilingi 350 tu, ni 15,750 kila mwezi. Plagi ilinigharimu chini ya 40,000. Miezi mitatu haikufika, imejilipa. Ila angalia maandishi ya plagi inabeba umeme kiasi gani kabla hujachomeka friza kubwa, usije ukaiunguza.

Kamera iko katikati. Umeme haili sana: kamera ya wati 5 ikiwaka saa 24 kwa mwezi inakula uniti 3.6, kama shilingi 1,260. Kinachokula ni bando, kama kila saa unataka kutazama duka moja kwa moja. Nunua yenye sehemu ya memori kadi, irekodi yenyewe, wewe utazame pale tu palipotokea jambo. Badilisha nywila iliyokuja nayo siku hiyo hiyo. Na kama una uwakala wa pesa za simu, usiielekeze pale mteja anapobonyeza namba ya siri. Siku atakapoibiwa, wa kwanza kutajwa ni wewe.

Jambo jingine, kamera haihesabu mzigo. Kijana wa duka akiuza sabuni tano na kuandika nne, kwenye kamera utaona mtu anauza sabuni tu. Bila kuhesabu mzigo kila jioni, kamera ni sinema. Nimeona watu wana kamera nne na hawana daftari. Daftari ni 2,000.

Tuje kwenye hisa

Soko letu la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa mwaka 1998. Zamani ilibidi uende mjini kwa dalali, leo soko lina aplikesheni yao ya Hisa Kiganjani, unafanya ukiwa umekaa kwenye kreti la soda. Hilo ni jambo kubwa kwetu. Lakini urahisi wa kununua haujabadilisha tabia ya hisa.

Angalia mfano wa CRDB. Mwaka 2009 waliuza hisa kwa wananchi kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye, 2019, bei ilikuwa imeshuka chini ya hiyo 150. Mtu aliyekuwa na shida ya ada mwaka huo akauza, aliuza kwa hasara baada ya kusubiri miaka kumi. Aliyeweza kukaa ameona bei ikipanda mara kadhaa, na kwa mwaka 2024 benki hiyo ikatoa gawio la shilingi 65 kwa kila hisa. Mwenye hisa 1,000 ni 65,000, toa kodi ya asilimia 5, inabaki 61,750. Kumbuka hisa hiyo ilinunuliwa 150.

Watu wawili, hisa moja, siku moja ya kununua. Mmoja kapata hasara, mwingine anafurahi. Tofauti yao haikuwa akili wala aplikesheni. Mmoja aliweka hela inayoweza kusubiri, mwingine aliweka hela yenye kazi nyingine.

Na sio kila hisa inapanda ukisubiri. Vodacom Tanzania waliuza kwa 850 mwaka 2017, watu wengi sana walinunua kwa mara ya kwanza kabisa maishani, na baadaye bei ikaenda chini ya hapo. Kampuni kubwa na yenye jina sio lazima hisa yake ikupe faida. Ndiyo maana usiweke yote sehemu moja, na usome taarifa ya mwaka ya kampuni: inapata faida? Inagawa? Hata kwa Kiswahili cha kubahatisha utaelewa hizo namba mbili.

Jambo la mwisho la hisa ni muda. Ukitaka kuuza lazima apatikane mnunuzi, halafu hela inachukua siku kadhaa za kazi kukufikia. Sasa gari la jumla limesimama dukani leo, dereva anataka hela yake aendelee na safari ya Segera. Utamwambia asubiri soko? Ndiyo maana nasema hela ya shelfu usiiguse.

Angalizo

Kuna watu wanatumia neno "uwekezaji" kwa kitu kingine kabisa. Unaambiwa weka 100,000, kila siku unapata asilimia 3, leta na wenzako upate bonasi. Hiyo sio hisa. Wakubwa wetu wanaikumbuka DECI, watu "walipanda mbegu" wakisubiri kuvuna, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Leo imehamia kwenye simu tu. Asilimia 3 kwa siku ni karibu mara mbili ya hela yako kwa mwezi mmoja. Hakuna duka, benki wala kiwanda kinachoweza kulipa hivyo. Kabla hujatuma hata mia, angalia kama huyo mtu amesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Hayupo? Kimbia.

Ushauri wangu wa kuanza

Weka bahasha tatu, au laini tatu, utakavyoona. Ya kwanza hela ya mzigo, haitoki kwa jambo lolote. Ya pili dharura: ugonjwa, pango, friza kuharibika. Hizo mbili zikijaa, faida inayobaki kila mwezi, hata kama ni 20,000, ndiyo ya hisa. Isahau miaka mitano.

Kwa nini uhangaike? Kwa sababu duka linakutegemea wewe usimame pale. Ukilazwa wiki mbili, linafungwa. Gawio linakuja hata mwenye hisa akiwa wodini. Tukiwa na miaka ishirini na kitu hatulioni hilo, lakini tunawaona wazee wetu waliofanya biashara maisha yote na siku miguu ilipogoma, biashara nayo ikaishia hapo.

Jioni ya leo kabla hujafungua aplikesheni yoyote, hesabu mzigo wako. Ukishajua kilichopo kwenye shelfu ndipo utajua kama una hela ya kitu kingine.

Kazi njema, tuendelee kupambana.