Bahari Yetu Yaanzia Ukambani

Msafiri aliyechoka hupenda kuamini kwamba safari yake imekwisha pale anapoiona bahari. Nami nilikuwa hivyo mwezi wa Desemba, nikirudi nyumbani Mambrui kutoka Kitui, nilikokwenda kuhani msiba wa rafiki wa zamani. Gari lilikuwa limepita Mtwapa, likavuka daraja la Kilifi, ambalo tangu 1991 limetuondolea adha ya feri, na upepo wa chumvi ukaingia madirishani. Minazi huku, mikorosho kule, nani asiyefurahi?

Lakini tulipofika Malindi, bahari niliyoitazamia ikiwa samawati ilikuwa nyekundu kama uji wa wimbi. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha bara, na kaskazi ilikwisha anza kuyasukuma maji ya Sabaki upande wa mji. Abiria mmoja akasema, "Uchafu wa watu wa bara huo!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwani maji yale nilikwisha onana nayo jana yake.

Ndugu msomaji, njia ya Kitui kwenda Kibwezi, ambayo siku hizi ni ya lami, hupita Mutomo na Ikutha, kisha huvuka mto Athi na kuingia Makueni. Mto huo ukishapokea maji ya Tsavo huitwa Galana, na ukifika kwetu huitwa Sabaki. Majina matatu, mto mmoja. Pale Ikutha tuliposhuka kunywa chai, bibi mmoja wa Kikamba aliiona kofia yangu akaniuliza, "Shehe, wateremka pwani?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Akasema, "Basi nisalimie shamba langu. Limekutangulia."

Maneno hayo yalinichoma. Sisi twalia kwamba udongo wawafukuza watalii na kuyasonga matumbawe, hata yale ya hifadhi ya bahari ya Malindi iliyowekwa 1968. Mvuvi ajua: tumbawe likifa, samaki huhama. Lakini udongo unaotuchafulia sisi bahari, mwenzetu ameupoteza kama chakula cha wanawe. Hasara ni moja, imegawanywa mara mbili.

Wala si lawama ya Mkamba peke yake. Athi yaanzia juu, pande za Nairobi, nayo huchota mashamba na taka za wengi. Wataalamu waliolipima tumbawe la Malindi, lenye kumbukumbu ya miaka kama 300, waligundua kwamba udongo ulizidi sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kulishwa kwa namna nyingine chini ya utawala wa Waingereza.

Na nani anayeuzuia udongo huo leo? Ni hao hao tunaowacheka. Katika Kitui na Makueni nimeona vilima vimekatwa matuta ya "fanya juu", ambapo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, maji yasipate mbio. Jina hilo la Kiswahili wataalamu wa kilimo hulitumia hata nchi za mbali. Nimeona pia kuta zilizojengwa kukingama mito ya msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na kuweka maji mpaka kiangazi. Kazi hizo nyingi hufanywa na vikundi vya mwethya, na wengi wao ni akina mama wenye jembe na karai. Makueni walitunga hata sheria ya kulinda mchanga wa mito mwaka 2015.

Sisi wa pwani tumewapelekea nini? Hata asante hatujawapelekea. Rai yangu ni hii: viongozi wa Kilifi, wenye mahoteli na wavuvi wakae meza moja na wenzao wa Kitui na Makueni, na sehemu ya fedha inayopatikana kwa uzuri wa bahari irudi juu ikasaidie kukata matuta. Hiyo si sadaka. Ni malipo ya kazi tunayofanyiwa.

Usiku ule nyumbani nilisali Isha rakaa nne, kwa kuwa safari yangu ilikuwa imekwisha. Asubuhi nikarudi darajani Sabaki. Shamba la yule bibi lilikuwa bado lapita.