Bei ya Kidonge na Bei ya Mto

Tukiugua twataka dawa upesi, tena yenye bei nafuu. Ni haki yetu. Lakini leo twawaomba mfikiri nasi jambo jingine: kidonge hicho kilitengenezwa wapi, na maji machafu ya kiwanda yalimwagwa wapi?

Safari ya dawa ni ndefu. Kiwanda kimoja hutengeneza kiini cha dawa, kingine hukifanya vidonge, wafanyabiashara huvisafirisha kwa meli na motokari hata vifike hospitalini petu. Dawa nyingi zitumiwazo katika Afrika hutoka Uhindi.

Huko, karibu na mji wa Hyderabad, pana mahali paitwapo Patancheru. Maji machafu ya viwanda vya dawa karibu 90 yaliletwa hapo yasafishwe, kisha yakaachwa yaende zake mtoni. Mwaka 2007 mtaalamu wa Uswidi, Joakim Larsson, na wenzake walitangaza walichopima katika maji hayo yaliyokwisha kusafishwa: katika lita moja mlikuwa na dawa iitwayo ciprofloxacin, hata miligramu 31. Kipimo hicho chapita kile kilichomo katika damu ya mgonjwa anayeimeza.

Pengine mtu atasema: «Ikiwa maji yana dawa ya kuua vidudu, kuna ubaya gani?» Ubaya upo. Vidudu vya ugonjwa vikikaa siku zote katika dawa, vilivyo dhaifu hufa, vyenye nguvu hubaki na kuzaana, tena hupeana nguvu hiyo. Husafiri pamoja na watu hata nchi za mbali. Ndipo mtoto wetu aweza kumeza dawa ile ile, asipone.

Basi, atakaye kupima wema wa dawa asihesabu faranga tu. Ahesabu na maji, moshi na takataka, tangu kiwanda cha kwanza hata kidonge cha mwisho. Kila mmoja katika safari ile huhesabu fungu lake, wala mto haumo katika hesabu ya yeyote. Norwe ilianza kuutia mwaka 2019, ilipoangalia usafi wa viwanda katika kununua antibiotiki za hospitali. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maji machafu ya viwanda hivyo.

Wanunuao dawa kwa wingi wana nguvu: waulize habari za maji kabla ya kulipa. Sisi nasi tusimeze antibiotiki pasipo agizo la mganga, wala tusitupe mtoni zilizobaki, tuzirudishe hospitalini.