Mtoko wa Mguu kwa Mguu

Mwezi huu naanza na swali la uchokozi kidogo. Mtoko wako wa mwisho na mwandani wako ulikuwaje? Ngoja nikukumbushe. Mlikaa kwenye baa yenye televisheni kubwa, mkaagiza chipsi kuku, yeye akatazama mpira, wewe ukachezea simu. Saa nne usiku mkarudi nyumbani. Kuna aliyemwambia mwenzie jambo jipya? Thubutu!

Si kwamba hampendani. Tatizo ni kwamba mmekaa mkiangaliana kama watu wanaosubiri kuitwa ofisini, na mambo ya kuongea yameisha tangu mlipomaliza ya ada na kodi ya nyumba. Watu wakitembea bega kwa bega wakiwa na kitu cha kuonja mkononi, mdomo hufunguka wenyewe. Wenzetu wameligundua hilo siku nyingi na wamelifanya biashara.

Roma wanavyotembea wakila

Katika jiji la Roma kuna mtaa wa kale uitwao Trastevere, maana yake ng'ambo ya mto Tevere. Vichochoro vyake ni vyembamba, vimetandikwa mawe. Jioni utakuta vikundi vidogo vya watu, wengi wao wawili wawili, wakimfuata mwenyeji anayewaongoza. Hawakai mahali pamoja. Kwa mwokaji wanaonja mkate, kwa muuza jibini wanakatiwa kipande, mbele kidogo wanapewa supplì, yaani donge la wali lililokaangwa likiwa na jibini ndani. Halafu wanaingia kwenye duka la mvinyo kuonja glasi mbili. Wakimaliza, miguu inauma lakini wana maneno ya wiki nzima.

Katika jiji hilohilo kuna mtaa mwingine uitwao Testaccio. Hapo palikuwa na machinjio makubwa ya jiji tangu mwishoni mwa karne ya 19 mpaka yalipofungwa mwaka 1975. Wachinjaji walipewa utumbo, mikia na vichwa kama sehemu ya ujira wao, nyama nzuri ikaenda kwa wenye nazo. Basi mabaki yale yakapikwa mpaka yakapikika. Leo mgeni anapanda ndege na kulipa fedha nzuri tu ili apewe mkia wa ng'ombe na sahani ya utumbo, huku akisimuliwa maisha ya watu hao.

Umeona hapo? Kinachouzwa si chakula peke yake. Ni mwenyeji kukushika mkono na kukuambia: hiki unachokula ndivyo tulivyoishi.

Najua unachotaka kusema. Roma ni mbali na mshiko hautoshi. Sikutumi Roma. Nakutuma ukweni.

Maneno matatu yanayoharibu ndoa

Chukua mfano wa wanandoa wa siku hizi. Bwana ni Mnyaturu wa Singida, bibi ametoka Kilimanjaro au Kagera, wamekutana chuoni, wanafanya kazi Dar es Salaam. Kila Desemba wanafunga safari kwenda kuwaona wazee. Siku ya kwanza bwana anapotea na marafiki wa utotoni. Bibi anabaki jikoni na mama mkwe na mawifi, wanaongea Kinyaturu na kucheka, naye anatabasamu bila kujua kinachochekwa. Anaona mawe, vumbi na jua. Siku ya tano wanarudi na kuku wanne kwenye tenga. Wakifika Manyoni bibi anachoka kuvumilia na kusema: "Kwenu hakuna kitu."

Maneno matatu tu, lakini yanaweza kukaa ndani ya nyumba miaka kumi. Bwana hajibu. Hasemi kwamba ugali wa uwele ambao mkewe aliusukuma pembeni ndio uliomlea. Ananyamaza, na tangu siku hiyo akienda kwao huenda peke yake. Mnajikuta mna nyumba moja na makwao mawili yasiyosemeshana.

Dharau nyingi za ndani ya ndoa huanzia kwenye sahani, shosti. Na nyingi hazitokani na roho mbaya. Zinatokana na kutoonyeshwa. Mwenyeji alidhani mgeni ataona mwenyewe, mgeni alidhani hakuna cha kuona.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: katika zile siku tano, chukueni moja iwe yenu wawili. Mwenye kwao awe mwongozaji. Kama na yeye ameondoka zamani na hajui tena, mwombeni wifi au kijana anayeujua mji awatembeze, na mumlipe.

Singida mjini, tangu supu mpaka machweo

Mji wa Singida umekaa katikati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na umezungukwa na mawe makubwa utadhani yamepangwa na mtu. Sehemu nyingi zinafikika kwa miguu, na mkichoka bajaji zipo.

Anzeni asubuhi na supu. Ukienda Singida usipokunywa supu ya kuku wa kienyeji, umekwenda kufanya nini? Huyu kuku ana sifa nchi nzima, na sababu haina uchawi. Ameshinda akijitafutia, anaparua, anaokota punje na wadudu, anakimbia. Nyama yake imekaza, haiivi haraka, na ndiyo maana mchuzi wake una ladha ambayo kuku wa wiki sita hawezi kuitoa. Hapo mwongozaji asinyamaze. Aseme nani alichinjiwa kuku nyumbani kwao, na nani alipewa firigisi. Utashangaa mtu uliyeishi naye miaka saba hujawahi kusikia habari hiyo.

Kutoka hapo ingieni sokoni, na msiwe na haraka. Tafuteni alizeti kwanza. Singida ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hili, na mashine ndogo za kukamua hazikosekani. Ombeni kwa adabu kutazama: mbegu zinamiminwa juu, mafuta yanachuruzika huku, mashudu yanatokea kule kwenda kulisha mifugo. Mafuta yale ya moto yana harufu ya mbegu iliyokaangwa. Mkirudi Dar mkiyaona dukani hamtayatazama tena vilevile.

Halafu tazameni magunia ya uwele na mtama. Muulize mwenzio kwa nini si mahindi. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na hazitabiriki. Mahindi yakikosa maji kwa wiki kadhaa yanakufa, uwele unavumilia. Kwa hiyo ugali ule wa kijivu ulioupa mgongo ni akili ya watu waliojifunza kuishi na ukame. Kando yake kuna majani makavu ya mlenda yaliyohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Nayo ni akiba, kama ile unayoweka benki.

Kituo cha asali ndicho wapendanao huwa hawataki kuondoka. Misitu ya upande wa Manyoni na Itigi ina nyuki wengi, na asali yake inafika mjini kwenye chupa na madumu. Onjeni ya nyuki wakubwa, kisha ya nyuki wadogo wasiouma ambayo ina uchachu kwa mbali. Mwongozaji akiwa mjuzi atawasimulia habari ya Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 aliwakabili askari wa Kijerumani kwa kuwaachia makundi ya nyuki. Uwanja wa mpira wa Singida, ambao zamani uliitwa Namfua, leo unaitwa Liti kwa heshima yake. Mwanamke ambaye jeshi lake lilikuwa nyuki! Mwambie mumeo alikuwa anasubiri nini kukuambia.

Mchana kaeni kwa mama lishe. Kuku wa kienyeji anataka muda, kwa hiyo mwagizeni jana yake. Ombeni ugali wa uwele, mlenda na kuku, na leo bibi asisukume kitu pembeni kabla ya kuonja matonge matatu. La kwanza ulimi unashangaa, la pili unazoea, la tatu ndiyo unaamua. Ukikataa baada ya hapo, umekataa kwa haki.

Jioni teremkeni Singidani. Maji yake yana chumvi na magadi, ila wavuvi wanapata perege, na ndege wa majini ni wengi. Mkibahatika mtawaona heroe, wale wa rangi ya waridi. Tafuteni jiwe zuri mkae.

Na mvinyo je?

Upo, tena wa jirani. Dodoma ni kama kilomita 240 tu kutoka Singida, na zabibu zilianza kulimwa huko na wamisionari wa Kikatoliki miaka ya 1950. Ulaya zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, Dodoma zinavunwa mara mbili. Nunueni chupa moja mkiwa njiani. Glasi moja ya mvinyo mwekundu wa Dodoma na perege wa kukaanga, jua likizama nyuma ya mawe, mnataka nini tena?

Kama hamtumii kileo, hamjapungukiwa na kitu. Juisi ya ubuyu au mtindi baridi unakaa vizuri mahali pa glasi. Shughuli hapa ni mazungumzo. Chupa imekuja kusindikiza tu.

Maswali matatu ya njiani

Simu zikae mfukoni, muulizane haya:

Moja, mwaka wa njaa mlikula nini, na nani alikula mwisho?

Mbili, nani alikufundisha kukipenda chakula hiki?

Tatu, ni chakula gani cha kwetu ulijilazimisha kula ili usiniudhi?

La tatu litawachekesha, la kwanza linaweza kumtoa mtu machozi. Likimtoa, usimkatishe wala usianze kumshauri. Msogelee tu.

Vya kuzingatia

Kubalianeni malipo na mwongozaji kabla ya kuanza. Asiwe "kijana wa hapa tu" wa kupewa soda. Kazi ya kumfanya mgeni aupende mji ina thamani yake.

Mama lishe na wauza asali mlipeni bei yao. Umeonja sehemu nne? Nunua angalau mbili. Kuonja bila kununua na kupiga watu picha bila ruhusa si utalii, ni usumbufu.

Vaeni viatu vya kutembelea na kofia. Singida jua halina aibu, na ikiwa ni Desemba mbebe mwavuli.

Kwa mnaotoka Dar es Salaam, tangu mwaka 2024 treni ya SGR inawafikisha Dodoma, kisha mnamalizia kwa basi. Safari yenyewe inakuwa nusu ya mtoko.

Mageni mkwe, usisahau mama mkwe. Rudi jioni na kichupa cha asali, mwambie umeonja uwele na uulize yeye anaupikaje. Mara nyingi mlango wa jikoni uliokuwa umefungwa miaka yote hufunguliwa na swali hilo moja.

Na wewe kaka uliyesoma hadi hapa ukitabasamu, subiri kwanza. Mwakani ni zamu yako kutembezwa. Kama kwao mkeo ni Moshi, utakula kitawa na kumaliza. Kama ni Bukoba, utakaa mbele ya matoke na senene bila kununa. Mwongozaji atakuwa yeye, na wewe utabeba kikapu.

Haya, vaeni raba mtoke. Tukutane mwezi ujao.