Sanduku lina kufuli tatu, mazungumzo je?

Katika vikundi vya kuweka na kukopa, sanduku la fedha lina kufuli tatu. Funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Halifunguliwi ila mkutanoni, wanachama wakiwa wameketi. Mfumo huu uliasisiwa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipokuwa likifanya kazi na wanawake wa huko. Ukaenea sehemu nyingi za Afrika, na Tanzania ukazaa, pamoja na vingine, vikundi vya VICOBA.

Kufuli zinasifiwa sana. Kinachosahaulika ni kwamba walioubuni utaratibu huo waliweka ulinzi hata kwenye maneno. Kila mwanachama ana namba, huketi kwa namba na huitwa kwa namba kununua hisa, kuanzia moja hadi tano, wenzake wakishuhudia. Kabla ya watu kutawanyika, salio hutajwa kwa sauti ili kila mmoja alishike kichwani. Mkutano unaofuata, wanachama huulizwa salio hilo kabla fedha hazijaguswa. Kupiga soga kikao kikiendelea kuna faini, na kusahau kanuni kuna faini. Asiyejua kusoma anaifahamu hesabu ya kikundi sawasawa na katibu.

Lakini fedha zikishahesabiwa na mjadala ukaanza, nidhamu hiyo huyeyuka.

Tazama mkopo unavyopitishwa katika vikundi vingi. Mama anasimama, anataja kiasi na muda: anaongeza mtaji wa mitumba, atarejesha ndani ya miezi mitatu. Mwenyekiti anauliza, “Tunakubaliana?” Wanaitikia, “Ndiyo!” Mwanachama namba 17, jirani wa mkopaji, anajua kuwa mwenzake bado anadaiwa na kikundi cha mtaa wa pili, lakini anainamisha kichwa. Hana nia mbaya. Anaogopa kuambiwa ana wivu. Jioni atamnong’oneza shoga yake, na marejesho yakikwama, habari itaibukia kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha kuvunja kikundi.

Ukimya wa namna hii ulichunguzwa zamani. Mwaka 1951, mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani alichapisha majaribio ambamo mtu mmoja aliwekwa kati ya wenzake waliokuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kuhusu urefu wa mistari. Takriban theluthi moja ya majibu ya mtu huyo yaliufuata uongo wa wengi, ingawa ukweli ulikuwa mbele ya macho yake. Alipopata mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Mwaka 1985, wanasaikolojia Garold Stasser na William Titus walionyesha jambo jingine: vikundi hujadili zaidi yale ambayo kila mtu tayari anayajua, na taarifa iliyo kwa mtu mmoja mara nyingi hubaki kwake. Huyo ndiye namba 17 wetu.

Dawa basi si kumtafuta mwenyekiti mwenye ulimi mtamu. Namba zinazotumika kununua hisa zitumike pia kukusanya maoni, na mwenyekiti awe wa mwisho kusema. Swali la “Tunakubaliana?” lipishe jingine: “Ni kitu gani kinaweza kuukwamisha mkopo huu?” Hapo anayetaja tatizo anakuwa amejibu alichoulizwa, naye mkopaji anapata nafasi ya kujieleza wote wakisikia, badala ya kusengenywa asikokuwapo.

Wapo watakaosema hilo litakula muda. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akipewa nusu dakika, kitatumia chini ya robo saa. Wengine watauliza heshima ya wazee itakwenda wapi. Mzee akitangulia, vijana huishia kusema “kama alivyosema mzee”, na busara yao inapotea bure. Wakitangulia wao, mzee anapata kauli zote za kupima kabla hajatoa yake. Na WhatsApp ibaki kwa tarehe za vikao na taarifa za misiba. Mikopo na ugomvi vina mahali pake, mkutanoni.

Serikali ya Tanzania nayo ina sehemu yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivi katika daraja la nne, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mafunzo yanayotangulia mikopo hukazia katiba, vitabu na marejesho. Afisa maendeleo ya jamii angeweza kuongeza zoezi moja: awagawie wanachama vipande vya karatasi, kila kimoja kikiwa na taarifa tofauti kuhusu mkopaji wa kubuni, kisha awaache waamue. Mwishoni wasome vipande vyote kwa sauti, wahesabu ni vingapi havikutajwa kabisa, halafu warudie uamuzi uleule kwa kuitana kwa namba.