Kinga Si Jeshi Tu: Istilahi na Maradhi ya Ngozi

Tangu neno UKIMWI lipate mashiko katika lugha yetu, Kiswahili kimezoea kuichora kinga ya mwili kwa sura moja: jeshi. Chembechembe nyeupe za damu ni askari, vijidudu ni adui, na kwa kuwa ugonjwa wenyewe uliitwa Upungufu wa Kinga Mwilini (wengine husema Ukosefu), imeaminika kwamba kinga ni kitu cha kuongezwa daima. Sitiari hiyo ilifaa wakati wake. Kwa maoni yangu, sasa inawadhuru wagonjwa wa ngozi.

Chukua mbalanga, soriasisi au pumu ya ngozi. Hapa kinga haikupungua, imevuka mpaka. Katika mbalanga, seli T huziua seli zinazoipa ngozi rangi, yakabaki mabaka meupe. Ugonjwa huu hauambukizi. Lakini mgonjwa wa Runyenjes au Nkubu akiambiwa kwa Kiswahili kwamba mafuta aliyoandikiwa yanapunguza kinga ya ngozi, atasikia nini? Atausikia UKIMWI. Si ajabu akiyatupa na kutafuta mitishamba ya kuongeza kinga.

Lugha yetu haina jina la wale wanaolizuia jeshi. Mwaka 1995 Mjapani Shimon Sakaguchi alibainisha aina ya seli T ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Mnamo 2001 Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walionyesha kwamba panya wa ukoo fulani, wenye ngozi ya magamba na wanaokufa wangali wachanga, wana hitilafu katika jeni iliyoitwa Foxp3. Watoto wenye hitilafu kama hiyo huugua ukurutu, kuhara na kisukari. Baadaye ilidhihirika kwamba jeni hiyo ndiyo inayoongoza ukuaji wa seli za Sakaguchi. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025.

Ngozini, seli hizo hukaa hasa kandokando ya mashina ya vinyweleo. Hunyonya kemikali ambayo seli shambulizi huihitaji ili ziongezeke, hutoa ishara za utulivu, na huifanya kinga iwavumilie bakteria wasio na madhara waishio juu ya ngozi. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba panya wanaponyimwa seli hizo, manyoya hayaoti upya ipasavyo. Ni askari gani huyo anayeotesha manyoya?

Tafsiri sisisi ingetupa "seli T dhibiti", lakini kudhibiti kuna harufu ya polisi. Mimi ningeteua "seli T tulizi". Ameru wataielewa upesi kupitia Njuri Ncheke, baraza la wazee wasuluhishi lenye makao yake Nchiru, walipo pia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru; Waembu nao wanakijua kiama chao. (Wazee huweza kumkingia mhalifu pia: ndani ya uvimbe wa saratani, seli tulizi huizuia kinga isishambulie.)

Vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru viko ukanda mmoja. Wanafunzi wetu wa Kiswahili waketi na wenzao wa biolojia, waijaribu istilahi hii kwa wagonjwa kabla ya kuipeleka kamusini. Sentensi ya kwanza ya kujaribiwa iwe hii: "Mafuta haya hayakuletei upungufu wa kinga, yanaituliza pale ngozini ilipovuka mpaka, kazi ambayo seli zako tulizi zimelemewa nayo."